Waya Juu ya Chumba cha Nyanya

Kila jioni Nyasuguta alivua sare ya shule, akanawa mikono na kuingia dukani kwa nyanya yake kupima nafaka. Duka lilikuwa mjini Migori, kando ya barabara kuu ya kutoka Kisii kwenda Isebania, na kelele za barabara hiyo hazikuwa na adabu hata kidogo. Pikipiki zilipiga honi bila sababu, malori yalinguruma, na mteja wa gorogoro moja ya maharagwe alibishana kwa sauti ya mtu anayenunua shamba. Nyasuguta alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa amezoea. Alipima, akapokea pesa, akarudisha chenji, na aliyedai kupunjwa alipimiwa tena mbele ya macho yake.

Nyumba yao ilianzia hapo dukani na kwenda nyuma kwa mstari. Mbele duka, kisha sebule, kisha chumba cha Nyanya Filister, na mwisho kabisa chumba cha mama yake Nyasuguta, ambacho kilikuwa na mlango wake wa kutokea uani. Marehemu babu alizijenga kuta za mawe mazito, akajivunia hadi kufa kwake kwamba hata risasi haipiti. Alisema kweli. Intaneti nayo haikupita.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mama yake, Dorah, alikuwa msaidizi wa wauguzi katika kliniki moja mjini. Kwa muda mrefu alikuwa akisomea uuguzi kamili kwa njia ya kompyuta, usingizi wake ukiishia kwenye vitabu. Mwaka uliotangulia alifanya mtihani wa mwisho akiwa chumbani mwake, na katikati ya mtihani mtandao ukakatika. Sheria ya chuo ilikuwa kali. Anayetoweka kwenye kamera amejiondoa, na atangoja hadi mwaka unaofuata. Dorah alingoja mwaka mzima bila kunung'unika. Sasa mtihani ulikuwa umefika tena, Jumapili asubuhi ya wiki iliyokuwa ikianza, na chombo cha kurusha intaneti kilikuwa bado kule dukani, pale mafundi wa kampuni walipokifunga ukutani.

Afanyie mtihani dukani basi? Haikuwezekana. Chuo kilitaka chumba kimya, mtahiniwa awe peke yake, pasisikike sauti ya mtu. Duka lingeweza kufungwa, lakini barabara kuu nani angeifunga?

Jumatatu hiyo chuo kiliwaita watahiniwa wajaribu mitambo yao. Dorah alijifungia chumbani. Haukupita muda akatoka kwa mlango wa uani, akazunguka hadi dukani na kukaa juu ya gunia la mahindi.

"Umekatika tena," alisema.

Mzee Omanga, ndugu wa marehemu babu, alikuwa kwenye kiti chake cha kila siku karibu na mizani. Hakuwa na kazi pale dukani ila kutoa maoni, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii.

"Si uache tu, Dorah?" alisema. "Kazi unayo. Mshahara unapata. Hiyo karatasi ya nini, mtu mzima kama wewe?"

"Hataacha," Nyasuguta alijibu kabla mama yake hajafungua kinywa.

"Nyasuguta!" Nyanya Filister alimkemea. "Unamjibu nani hivyo?"

"Nisamehe, Nyanya. Babu, nakuheshimu. Lakini hataacha."

Alipokwisha kumpimia mteja aliyekuwa akingoja, aliazima simu ya mama yake na kumpigia Anko Mokua huko Homa Bay. Mokua alikuwa mume wa Mama Mkubwa Valary, dada mkubwa wa Dorah, na kazi yake ilikuwa kuunganisha mitandao katika maofisi na hoteli. Alimsikiliza Nyasuguta hadi mwisho.

"Hapo usihangaike na waifai," alisema. "Ukuta ukikataa, tunapitisha waya. Waya haiombi ruhusa ukutani. Alhamisi niko huko."

*

Alhamisi Nyasuguta aliporudi kutoka shuleni alimkuta Anko Mokua sebuleni, boksi la waya ya buluu miguuni na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa ameketi wima mno, magoti pamoja, kama mwanafunzi mgeni. Kila Nyanya Filister alipopita, Mokua aliinamisha macho, naye Nyanya akageuza uso upande wa pili na kusalimia ukuta. Hawakuwa wamekosana. Ndivyo Abagusii wanavyoheshimiana, mkwe na mama mkwe wake. Hata ile chai Nyanya aliipika mwenyewe, lakini aliyeipeleka ni mtoto wa jirani.

"Nimepima kila mahali," Mokua alimwambia Nyasuguta. "Upande huu wa nje nyumba imebanana na ya jirani. Upande ule mikokoteni inapita na magunia kutwa, waya itakatwa kabla ya Sabato. Njia ni moja tu. Tupande juu ya silingi, tupite na mbao za paa hadi kwa mama yako."

"Basi tupande!"

Mokua alicheka bila furaha. "Mlango wa silingi uko wapi?"

Nyasuguta alifikiri, kisha akaelewa. Mlango wa silingi ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa chumbani kwa Nyanya, juu ya kabati la nguo. Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Akiingia, amemvua nguo mbele ya watu, na yeye mwenyewe amejivua. Wazee huitwa, mbuzi huchinjwa, na hata hayo yakiisha watu hawasahau.

"Si utoboe mlango mwingine hapa sebuleni?"

"Nitoboe, halafu nitambae juu ya kitanda cha mama mkwe? Heri uniue sasa hivi."

Fundi wa kukodi naye alipendekezwa na kukataliwa papo hapo. Nyanya alituma neno kutoka jikoni kwamba mwanamume asiyemjua hataona hata pazia la chumba chake. Dorah alikuwa kazini, tena mbao za silingi zilikuwa nyembamba, mtu mzima angezikanyaga kwa kubahatisha.

"Mimi nitapanda," Nyasuguta alisema.

Mzee Omanga alikuwa amefika mlangoni. Maoni yake hayakuwahi kuchelewa.

"Tangu lini msichana akapanda juu ya nyumba? Mwanamke hapandi paa. Mnataka kuleta mkosi hapa?"

"Babu, silingi iko chini ya paa. Sipandi juu ya nyumba, naingia ndani yake."

"Utaanguka uvunje kiuno, halafu nani atakuoa?"

"Nikivunja kiuno, mama atanitibu. Akipita mtihani."

Anko Mokua aliinama kukagua boksi lake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Lakini Nyanya Filister, ambaye sasa alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake huku amewapa kisogo, hakucheka.

"Mimi pia sipendi," alisema. "Tulilelewa hivyo."

"Nyanya," Nyasuguta alimwendea na kumshika mkono, "mwaka jana mama alipofungiwa nje ya mtihani, alilia jikoni akidhani hatumsikii. Wewe ulimsikia. Mimi nilimsikia. Ukinikataza leo nitatii, lakini Jumapili akilia tena, tutaambiana nini?"

 Nyanya aliingia chumbani, akafunika kitanda vizuri, akaondoa vitu vyake juu ya kabati na kurudi.

"Vaa suruali ndefu," alisema. "Na ufunge nywele."

*

Anko Mokua alizima swichi kubwa ya stima, akahakikisha kwa macho yake kwamba hakuna taa inayowaka. Kisha akamweleza Nyasuguta kazi yote pale sebuleni, taratibu.

"Nimetoboa tundu dogo dukani na jingine chumbani kwa mama yako. Mimi nitasukuma waya juu kutoka dukani. Wewe utashika ncha yake, utambae nayo, uiteremshe tundu la pili. Kanyaga mbao nene tu, usikanyage silingi yenyewe. Ukiona nyaya za stima, kaa mbali nazo. Na sikia hili vizuri. Waya ikikwama, usivute kwa nguvu. Rudi uone imekwama wapi. Ndani yake mna nyaya ndogo nane, nyembamba sana. Ukiiumiza, taa itawaka lakini mtandao utakuwa unakujakuja na kupotea."

"Nimeelewa, Anko."

"Mimi siwezi kupanda kuhakikisha. Macho yangu huko juu ni wewe."

Nyasuguta alipanda. Juu kulikuwa na joto, vumbi na mavi ya popo, na mabati yalikuwa karibu sana na kichwa chake.  Aliogopa, hilo hakuna haja ya kulificha, lakini hangemwambia mtu. Aliwasha tochi, akaenda hadi tundu la dukani, akashika ncha ya waya na kuanza kutambaa nayo, goti mbele ya goti.

"Bado hujaanguka?" Mzee Omanga aliita kutoka sebuleni.

"Bado, Babu!"

"Mimi niko hapa, nangoja."

Alifika tundu la pili, akateremsha ncha. Sasa ilibaki kuvuta waya ya kutosha ishuke hadi chini. Alivuta. Ikaja kidogo, ikagoma. Alijua la kufanya. Arudi nyuma aone. Lakini magoti yalikuwa yakimuuma, jasho lilimwingia machoni, na sauti ya Mzee Omanga ilipanda tena.

"Imemshinda! Si nilisema?"

Hasira ilimpanda Nyasuguta. Alikita miguu kwenye mbao, akakamata waya kwa mikono miwili na kuvuta kwa nguvu zake zote. Kitu kilikwaruza, waya ikaachia ghafla, na yote ikaja.

Alipokuwa akirudi, tochi ilimwonyesha. Juu ya chumba cha Nyanya msumari mrefu ulitokeza kwenye mbao, na waya ilikuwa imepita papo hapo. Ganda la buluu lilikuwa limechanika, nyaya ndogo zikachungulia nje. Uzi mmoja wa kijani ulikuwa umepinda na kukwaruzika hadi shaba ikaonekana.

"Nyasuguta! Imepita vizuri?" Anko Mokua aliuliza kutoka dukani.

Alitazama pale palipochanika. Akasikia kikohozi cha Mzee Omanga chini. Akatoa mfukoni tepu ya umeme aliyopewa na Anko Mokua, akazungushia haraka, akaibonyeza.

"Imepita vizuri!"

Aliposhuka, Nyanya alimpangusa vumbi usoni kwa leso yake mwenyewe. Mokua alifunga plagi ncha zote mbili, moja dukani na nyingine chumbani kwa Dorah, ambako aliingilia mlango wa uani. Stima iliporudishwa, kitaa cha kijani kikawaka kwenye kompyuta. Dorah alikuwa amefika kutoka kazini. Alimkumbatia binti yake kwa muda mrefu. Mzee Omanga aliangalia mizani ya duka kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Ingekuwa furaha tupu. Lakini Nyasuguta hakula vizuri jioni hiyo, na alipoulizwa alisema ni vumbi.

*

Ijumaa ni Siku ya Maandalio kwa Wasabato kama wao. Nyumba hupigwa deki, chakula cha kesho hupikwa, duka hufungwa mapema, na jua likizama kazi zote zinakoma hadi jua la Jumamosi lizame tena. Nyasuguta alirudi kutoka shuleni akitarajia harufu ya mandazi. Alikuta nyuso zimekunjamana.

Mtandao ulikuwa ukikatika mara kwa mara tangu asubuhi. Kitaa kilikuwa kikiwaka, picha zikaja, kisha zikaganda. Dorah alikuwa ameomba ruhusa kazini. Anko Mokua, aliyelala kwa rafiki yake kwa sababu mkwe halali kwa mama mkwe, alikuwa amekaa sakafuni chumbani kwa Dorah, plagi zilizokatwa zimemzunguka.

"Nimezikata, nimezifunga upya, nimezikata tena," alimwambia Nyasuguta. "Rangi ziko sawa. Labda mikono yangu ndiyo imechoka. Wewe ulisema juu kuko sawa, kwa hivyo kosa ni langu."

  Nyasuguta alitoka uani, akasimama karibu na tangi la maji, akisikia aibu ikimtambaa mwili mzima.

Jua lilikuwa limeanza kuelekea magharibi. Kesho haikuwa siku ya kazi. Jumamosi jua likishazama, hakuna ambaye angepanda silingi gizani stima ikiwa imezimwa. Kama waya haingepona kabla ya Sabato kufunguliwa jioni hiyo, haingepona kabla ya mtihani.

Aliporudi ndani, aliwakuta wote sebuleni. Anko Mokua alikuwa amesimama. Alikuwa amevua viatu.

"Shemeji," alimwambia Dorah bila kuinua macho, "mwambie Mama kwamba nimejaribu kila kitu. Imebaki kupanda nione mwenyewe, nitabahatisha na mbao zile nyembamba. Naomba anipe ruhusa niingie. Mbuzi nitaleta. Wazee nitawakabili mimi."

"Hilo halijawahi kuonekana katika boma hili," Mzee Omanga alisema. Safari hii hakuwa akidhihaki. 

Dorah aliziba uso kwa viganja. "Acha, shemeji. Acha tu. Nitangoja mwaka mwingine."

Nyanya Filister alikuwa kwenye mlango wa chumba chake, amewapa kisogo. Mkono wake ulishika pazia.

"Mtoto wangu hatangoja tena," alisema polepole. "Mwambie mkwe wangu aingie. Aibu nitaibeba. Mimi ni mzee, siku zangu za kubeba si nyingi."

Mokua alipiga hatua. Nyasuguta alimpita mbio, akasimama mlangoni na kutandaza mikono kutoka mwimo hadi mwimo.

"Usiingie, Anko!"

"Nyasuguta, ondoka hapo," mama yake alisema.

"Siondoki! Haina haja aingie. Waya imechanika. Iko juu ya kitanda cha Nyanya, pale penye msumari. Niliivuta kwa nguvu ikachanika, nikaifunga tepu, nikasema imepita vizuri. Nilijua tangu jana."

Mokua alirudisha hatua yake nyuma.

"Nilisema!" Mzee Omanga alilipuka. "Si nilisema? Msichana—"

"Hapana, Babu!" Nyasuguta alimgeukia, machozi yakimtoka, lakini hakuyapangusa. "Hukusema hivyo. Ulisema msichana hawezi kupanda. Nimepanda. Nimetambaa mwanzo hadi mwisho na sikuanguka. Kilichonishinda ni kusema ukweli, na hicho hata mvulana kingemshinda. Nilificha kwa sababu sikutaka ufurahi. Hilo ndilo kosa langu, na ni langu, si la wasichana."

Mzee Omanga aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. 

Dorah aliondoa viganja usoni. "Ungeniacha niingie kwenye mtihani na hiyo waya?"

Hakuuliza kwa hasira. Afadhali angekuwa na hasira. Nyasuguta alitikisa kichwa, na hapo ndipo alipolia kweli.

Anko Mokua alichuchumaa mbele yake, umbali wa adabu kutoka mlango ule.

"Futa machozi. Jua halitungoji. Nieleze ulichoona, chote, usipunguze."

Akaeleza. Msumari, ganda, uzi wa kijani, shaba.

"Sawa. Waya hiyo tumeizika, lakini bado ina kazi moja. Boksi lina waya ya kutosha mara nyingine. Tutaifunga mpya kwenye mkia wa ile mbovu kule dukani. Mimi nikivuta mbovu kutoka kwa mama yako, mpya inafuata njia hiyohiyo. Lakini msumari uko palepale, na utaichana tena. Anahitajika mtu wa kukaa pale. Utapanda?"

"Nitapanda."

"Ninahitaji nyundo ndogo na kitu cha mpira."

Mzee Omanga alitoka. Alirudi na nyundo yake mwenyewe, ile aliyokuwa haiazimi mtu, misumari miwili midogo na slipa moja kuukuu.

"Kata hii," alisema akimpa Nyasuguta. "Uipigilie juu ya msumari. Kwanza uukunje. Na ushike mbao, mjukuu. Ushike vizuri."

Stima ilizimwa. Ngazi iliposimamishwa, aliyekuja kuishika ni Nyanya Filister mwenyewe, miguu peku, akiwa bado na mwiko wa maandalio kwenye mfuko wa aproni.

Nyasuguta aliukunja msumari kwa nyundo, akaufunika kwa kipande cha slipa na kukipigilia kikakaza. Dorah alikuwa dukani akisukuma waya mpya, Mokua chumbani nyuma akivuta ile ya zamani. Nyasuguta alikaa katikati na kuipitisha mikononi, inchi baada ya inchi. Fundo lililounganisha mbovu na mpya lilipofika kwake, alilinyanyua juu ya mbao kwa uangalifu, likapita.

"Nyasuguta!" Mokua aliita kutoka nyuma. "Imepita vizuri?"

Hakujibu. Alirudi na tochi hadi tundu la dukani, akaanza upya, akiipapasa waya yote kwa vidole. Magoti yalimuuma kuliko jana. Hakuna aliyemharakisha, hata Mzee Omanga.

"Bado!" aliita. "Hapa karibu na kwa mama imejikunja kidogo. Naomba uilegeze, Anko."

"Nalegeza."

Aliinyoosha. Akaipapasa tena.

"Sasa imepita vizuri."

Jua lilikuwa limegusa mapaa ya ng'ambo ya barabara Mokua alipofunga plagi ya mwisho. Stima ikarudishwa. Dorah alifungua somo la video, wakalitazama wote wakiwa wamejazana mlangoni mwa uani, isipokuwa Nyanya, ambaye alitazama kupitia dirisha la upande wa pili. Mwalimu wa kwenye video alisema, akasema, akaendelea kusema. Hakuganda. Nyanya alizima jiko, akaanza wimbo wa kufungua Sabato, na sauti yake siku hiyo ilisikika hadi dukani.

*

Jumapili asubuhi Dorah alijifungia chumbani. Nyasuguta alikaa uani juu ya ndoo na kuwafukuza hata kuku waliothubutu kulia. Mlango ulipofunguka, mama yake alisimama pale akiwa ameshika kizingiti.

"Haukukatika," alisema. "Nimemaliza. Nimejibu maswali yote, na haukukatika hata mara moja."

Nyasuguta alirukaruka, akapiga kelele ambazo chuo kingeziona za kutisha.

Kabla ya Mokua kurudi Homa Bay, Nyanya Filister alimwita mjukuu wake dukani, akamketisha kando ya magunia. Mokua alikuwa nje akifunga mizigo yake, na Nyanya alisema kwa sauti ya kutosha ili naye asikie.

"Ukaidi wako umenifaa. Mimi nilikukatalia, wewe ukasimama, na leo mama yako amemaliza mtihani. Usiuache. Mtu akikuambia kazi fulani si yako kwa sababu wewe ni msichana, mkatalie kwa heshima, halafu uifanye. Lakini sikia. Juzi mkwe wangu alivua viatu ili aje kujiaibisha kwa sababu ya neno lako moja. Mahali ambapo watu hawawezi kupaona, wanakuona wewe. Ukiwadanganya hapo, hawana pa kushika. Kosa lako la kwanza lingeponywa siku ileile kwa msumari na slipa. La pili lilikaribia kutuvunjia nyumba. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Nyanya."

"Na siku ile ulikuwa jasiri mara mbili. Ulipopanda, na uliposema. Mimi nimeipenda ile ya pili zaidi."

Matokeo yalipotoka, Dorah alikuwa amepita. Alivaa sare nyeupe mpya, akapita nayo dukani makusudi, na Mzee Omanga akampigia saluti kutoka kwenye kiti chake.

Siku chache baadaye mwenye hoteli ya jirani alikuja kununua mchele, akalalamika kwamba intaneti yake haifiki vyumba vya nyuma. Nyasuguta alikuwa akipima maharagwe. Kabla hajasema lolote, Mzee Omanga alikohoa.

"Mpigie fundi mkwe wetu aje kutoka Homa Bay," alisema. "Na akikosa njia ya kupita, tuna mjukuu wetu huyu anayepanda silingi." Alimwangalia yule mwenye hoteli kwa ukali, kama aliyekuwa akitafuta ubishi. "Ndiyo, msichana. Una neno? Akikwambia imepita, basi imepita."